Mashine ya theluji inawaka, nikirudisha choki inazima. Naombeni ushauri wa haraka

MtuWaMakorora
Wakuu habari za jioni. Nipo Minneapolis, nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba katuachia mashine ya kurusha theluji, ya petroli, injini ya mipigo minne. Nikifunga choki, kile kifuniko cha kupunguza hewa kwenye kabureta, nikabonyeza kile kipira cha kusukumia mafuta na kuvuta kamba, inawaka vizuri tu. Nikianza kurudisha choki inakohoa, inazima. Nikiiacha na choki inanguruma, ila ikigusa theluji haina nguvu kabisa.

Oili ipo kwenye alama, 5W-30. Plagi nimeitoa, kavu, ncha nyeupe. Chujio la hewa nimelitafuta nilisafishe, sikuliona. Nimeona dawa ni kabureta mpya. Swali langu: ninunue ya bei rahisi ya mtandaoni au nisubiri ya kampuni yenyewe? Usiku theluji inarudi, na sheria ya jiji hapa ni saa 24 tangu ikome kudondoka, njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba iwe safi. Ukichelewa jiji linaweza kuleta watu wake wasafishe na bili apelekewe mwenye nyumba. Sitaki tufike huko.

Mama Koleo
Mwanangu pole. Ushauri wangu nunua koleo. Mimi nipo Lowell, Massachusetts, nimelea watoto kwa koleo na sijawahi kuvuta kamba ya mashine yoyote. Vijana wa sasa kila kitu injini. Amka alfajiri, vaa vizuri, fanya kidogo kidogo wakati bado inadondoka, usingoje ikushinde.

Jirani_Mwema
Mama shikamoo. Koleo sawa kwa theluji laini. Ile inayosukumwa na greda la jiji ikarundikana kwenye mlango wa njia ya gari, ikalala usiku kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, hiyo ni jiwe. Na kila mwaka kuna watu wazima mioyo inawasimama wakichota theluji nzito. Mwacheni na mashine yake.

Mama Koleo
Marahaba. Basi apumzike kila baada ya muda, ndiyo nilichosema.

FundiNyamaza
Mkuu, kabla ya kabureta. Mafuta uliyotia ni ya lini na umenunua wapi?

MtuWaMakorora
Mafuta ni mapya mkuu, ya wiki hii, sheli ya hapa jirani. Shida haiko kwenye mafuta. Nimeangalia video nyingi, dalili zote zinasema kabureta imeziba.

Papa_Bukavu
Kaka, mimi niko Portland, Maine. Juu ya kabureta sijui, lakini nakuomba kitu kimoja. Theluji ikikwama kwenye bomba la kurushia, usitie mkono. Binamu yangu alizima mashine, akaona imesimama kabisa, akaingiza vidole. Ile feni ya ndani ilikuwa imejikaza, theluji ilipoachia ikazunguka mara moja. Vidole viwili vimeenda. Kuna kijiti cha plastiki kinakuja kimefungwa juu ya mashine, kazi yake ni hiyo. Daktari pale hospitali alisema kila dhoruba anapokea mtu wa namna hiyo. Binamu alikuwa mpiga gitaa kanisani. Sasa anaimba tu.

Jirani_Mwema
Pole sana Papa. Mungu amtie nguvu.

Mzee_wa_Jenereta
Wakuu, mimi naona hii ni chai. Nipo Mwanza, kazi yangu ni majenereta na injini za boti. Jamaa anasema kalitafuta chujio la hewa halioni. Injini ya mipigo minne isiyo na chujio? Itameza vumbi, ringi ziishe mwezi mmoja. Mtu katunga stori ya theluji ili aonekane yuko Marekani. Weka picha.

Kaka_Mkubwa254
Hata mimi nilishangaa hapo. Na atuambie kwa nini mwenye nyumba hajapigiwa simu.

MtuWaMakorora
Nitunge nipate nini? Watoto wamelala juu, mimi nipo gereji na tochi mdomoni. Mwenye nyumba kasafiri, na alisema mashine ikiharibika mikononi mwangu ni juu yangu. Chujio halipo, ndivyo ilivyo. Picha mtandao wangu hauzipandishi.

FundiNyamaza
Mzee, heshima yako, ila hapo kijana anasema kweli. Mashine nyingi za theluji zinatoka kiwandani bila chujio. Zinafanya kazi wakati ardhi imefunikwa, vumbi hakuna. Ungeweka chujio, theluji laini ingelilowesha, ligande, injini ikose pumzi. Zina kifuniko tu cha kukinga theluji na kuipa kabureta joto la injini.

Sasa MtuWaMakorora, umekwepa swali. Kwenye pampu ya sheli ulishika mpini wa rangi gani?

MtuWaMakorora
Wa njano. E85. Gari langu linatumia hiyohiyo mwaka mzima, baridi na joto, na bei yake iko chini. Kama mafuta yangekuwa mabaya mashine isingewaka kabisa. Na kabureta nimeshailipia, kwa hiyo tuzungumzie namna ya kuifunga.

Mzee_wa_Jenereta
La chujio nimelipokea, nashukuru fundi. Lakini E85 kwenye injini ndogo! Kijana!

FundiNyamaza
Sikiliza. E85 ni ethanoli kati ya asilimia 51 na 83. Petroli inataka karibu sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta, kwa uzito. Ethanoli tupu inataka kama 9. Yaani kwa hewa ileile, injini inadai mafuta mengi zaidi. Gari lako limeundwa kwa hiyo, kompyuta inatambua imepewa nini na kuongeza mafuta. Kabureta haina akili hiyo. Ina tundu dogo la shaba lililotobolewa kwa petroli, basi. Ukifunga choki unaizuia hewa, mchanganyiko unakolea, inawaka. Ukifungua, hewa inazidi, inakufa. Plagi kavu na nyeupe ni dalili hiyohiyo. Na baridi hii ethanoli haigeuki mvuke upesi.

Injini ikishapoa, toa mashine nje. Nyonya mafuta ya tanki kwa pampu ya mkono, usitumie mdomo. Chini ya kikombe cha kabureta kuna bolti, ilegeze, kilichobaki kitoke kwenye kopo. Kisha tia petroli ya kawaida, hapa Minnesota ina ethanoli asilimia 10 na mashine inaihimili. Bora zaidi ile isiyo na ethanoli, oktani 91, inauzwa kwa ajili ya injini ndogo na boti. Dumu ukilijaza tia dawa ya kutunza mafuta siku hiyohiyo, petroli ikikaa zaidi ya mwezi inaanza kuchacha na kuacha gundi kwenye lile tundu. E85 iliyo safi mwagia gari lako. Iliyochafuka ipeleke kituo cha taka hatari cha kaunti, Brooklyn Park au Bloomington. Usimwage mferejini.

Mama Koleo
Ngojeni. Kasema yuko gereji na watoto wamelala juu. Mwanangu, hiyo mashine unaiwashia humo ndani?

MtuWaMakorora
Mlango nimeuacha wazi nusu, Mama. Nje ni baridi kali, na nawasha dakika chache tu.

Mama Koleo
Nusu haitoshi, hata wazi wote hautoshi. Moshi ule una kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, inapanda ngazi mpaka kwenye vitanda vyao. Toa mashine sasa hivi, fungua madirisha, nenda kawaamshe watoto uwaone wanaitika. Kengele ya kaboni unayo?

MtuWaMakorora
Ipo ya ukumbini. Nakwenda.

MtuWaMakorora
Wameamka wote, wamenuna, wako sawa. Jirani kanipa petroli ya kawaida. Nimemwaga, nimetia, nimewashia nje. Choki imerudi nusu na haizimi. Ikirudi yote bado inakohoa kidogo, kwa hiyo kabureta sighairi, inafika Alhamisi.

FundiNyamaza
Ghairi. Mabaki ya E85 bado yamo kwenye mpira wa mafuta. Maliza tanki moja la mafuta safi kwanza, ikikohoa bado ndiyo tuongelee kabureta.

Mzee_wa_Jenereta
Na picha bado naidai.