Filamu ya Muratova: walioizuia kwa sababu ya matusi walikosea?

Mleta mada: Jana nimemaliza Astenicheskiy sindrom (yaani ugonjwa wa kuishiwa nguvu), filamu ya mwongozaji wa Kisovieti Kira Muratova, Odessa 1989. Saa mbili na nusu! Mwanzo haina rangi: Natasha, daktari, katoka kumzika mumewe, anasukuma watu njiani na kuwatukana. Ghafla taa zinawaka, kumbe ni sinema ndani ya sinema, na watazamaji wanakimbilia mlangoni huku wakibembelezwa wabaki wajadili. Ndipo rangi zinaingia na mwalimu Nikolai, anayelala popote. Wakubwa wa Moscow wakaizuia, eti kuna mama anaporomosha matusi kwenye metro, treni ya chini ya ardhi. Nchi inabomoka, wao wanahesabu matusi?

Kiroboto: Walikosea nini? Yale maneno siwezi kuyasikiliza sebuleni na mama mkwe. Halafu Nikolai ni mzembe tu. Mwalimu anayesinzia kikaoni hana ugonjwa, anakula mshahara wa bure.

Ticha wa Moro: Mshahara wa bure? Nina madaftari 112 mezani. Kalamu nyekundu imekauka, nasahihisha kwa penseli. Njoo ushike zamu wiki moja, uone kama hutasinzia umesimama.

Kobe: Jamani, mada. Tamasha la filamu la Berlin 1990 waliipa Dubu wa Fedha, tuzo maalum ya majaji.

Kiroboto: Ticha, una madaftari 112 na humu unabishana saa nne asubuhi?

Ticha wa Moro: Leo Jumamosi, ndugu yangu. Au kwenu mwalimu hana Jumamosi?

Bint Mwera: 😂😂 Kiroboto kapigwa na kalenda. Mimi kwenye filamu walioninyima usingizi ni wale mbwa wa vizimbani. Matusi nimeyazoea stendi.

Kiroboto: Mbwa unawalilia, mwalimu mzembe unamtetea.

Ticha wa Moro: Mzembe umemrudia mara ya pili. Nani alikufundisha kusoma?

Kiroboto: Marehemu mama. Mwalimu wangu alikuwa anatutuma kumchotea maji.

Ticha wa Moro: Hilo pole. Sikulijua.

Kobe: Mada ilikuwa Muratova. Desemba 1991 Sovieti ikafa, filamu ipo.

Bint Mwera: Kiroboto, kwani uliitazama hadi mwisho?

Kiroboto: Hadi mwisho. Nikolai kalala kwenye behewa, treni inaingia naye gizani, hakuna wa kumwamsha.

Ticha wa Moro: Wewe ungemwamsha?

Kiroboto: Kwa teke. Ila ningemwamsha.