Bustani ya miti Dodoma: tuanze na mgahawa au kitalu?

Mama Kitalu
Mbukwenyi wana Dodoma. Kuna mpango wa bustani ya miti pembezoni mwa jiji, ile ambayo kila mti unaandikwa jina watu wajifunze. Kwenye kikao tulioneshwa mchoro: lango, maegesho, mgahawa, mahali pa picha za harusi. Nikauliza kitalu kiko wapi. Nikaoneshwa kona imeandikwa "huduma nyingine". Nimejaza viriba, vile vifuko vya udongo vya kuoteshea miche, miaka 11. Kitalu nilichoanzia hakikuwa na choo. Wanawake tulikwenda nyuma ya kichuguu kwa zamu, mmoja anasimama kulinda. Naomba maoni: kipi kijengwe kwanza?

Chuma wa Area D
Mama, bila wageni pesa ya kumlipa kibarua itatoka wapi? Nairobi wana bustani ya namna hiyo, watu wanaingia, wanapumzika, raha tupu. Mgahawa kwanza. Halafu tuseme ukweli, Dodoma ni jangwa, kitaota nini zaidi ya mwarobaini?

Mjukuu wa Mvumi
Jangwa?! Tunapata mvua kama milimita 550 kwa mwaka, Desemba mpaka Aprili. Jangwa gani watu wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka? Futa hilo neno.

Bwana Miche
Na mwarobaini wenyewe si wa kwetu, asili yake India huko. Bustani ipande mbuyu, mkwaju, mgunga, mpingo. Mwarobaini umejaa kila uchochoro.

Mama Zuhura
Mwarobaini usiuguse. Nauza chai chini yake tangu mwanangu wa kwanza ananyonya. Kama ni asili, ule mkrismasi wa uani kwako umetoka wapi?

Bwana Miche
Madagaska, dada, najua. Sijasema tukate. Nasema nafasi ni ndogo.

Chuma wa Area D
Mti unaosemwa unatibu magonjwa 40 unaunyima nafasi? Ungekuwa na homa usingeuliza asili yake.

Mzee wa Kikuyu
Vijana, mmemwacha mama na swali lake. Hiyo ya Nairobi ilianzishwa 1907 kujaribu miti inayokua haraka, maana reli ilihitaji kuni za magarimoshi. Bustani ya Amani kule Usambara, Wajerumani waliianza 1902, nao kwa majaribio ya mimea. Kazi ilitangulia, mapumziko yakafuata.

Mama Kitalu
Asante baba. Mche una siku zake. Ukichelewa kwenye kiriba, mzizi unafika chini unajikunja, unazunguka kama kamba ndani ya ndoo. Ukiupanda hivyo, unasimama msimu mmoja halafu unakauka ukiwa umeshapewa kibao cha jina. Ndiyo maana nalilia kisima, tangi, stoo ya majembe na kivuli cha kupandikizia. Chuma, la pesa nakuelewa. Basi choo kijengwe kimoja kikubwa, mgeni na kibarua watumie, na njia iwe pana apite mwenye kiti cha magurudumu.

Chuma wa Area D
Choo kimoja na watu wa matope? Mgeni aliyelipa kiingilio hatarudi.

Mama Zuhura
Watu wa matope? Kivuli unachoegeshea gari yako kilipandwa na nani? Muombe mama radhi hapa hapa.

Mjukuu wa Mvumi
Na lile la jangwa bado hajajibu.

Chuma wa Area D
Mama Kitalu, shikamoo, nimeteleza kwenye hilo la matope. Nisamehe. Mgahawa kwanza siachi. Jangwa nalo siachi, njooni Oktoba mle vumbi na mimi.

Mjukuu wa Mvumi
Oktoba nipo Mvumi, chini ya mkwaju wa babu. Karibu ulione hilo jangwa.

Bwana Miche
Mkwaju huo! Mama, unayo miche yake?

Mama Kitalu
Marahaba Chuma, yameisha. Bwana Miche, ninayo, ila sikupi sasa, utaiua. Subiri mvua ishike. Uje na beseni, si mfuko. Kiriba kikipasuka njiani udongo wote unaachia mzizi.

Bwana Miche
Niwekee minne.

Mama Zuhura
Na mimi miwili ya mwarobaini.