Naomba ushauri: NULL (thamani tupu) inapenya indeksi ya kuzuia marudio

Hamjambo wenzangu. Niko Kisumu, natengenezea sacco ya bodaboda mfumo kwa PostgreSQL 14 (programu ya hifadhidata). Jedwali lina nambari ya pikipiki na tarehe ya kutoka. Ikiwa bado iko kazini, tarehe ni NULL. Nimeweka indeksi ya kuzuia marudio kwenye kolamu hizo mbili, lakini jana pikipiki moja imeingia mara mbili, zote NULL, na hifadhidata ikanyamaza tu! SQL Server, hifadhidata ya Microsoft niliyoizoea, ingekataa ya pili. Nilijaza 9999-12-31 badala ya NULL, ikazuia, ila mweka hazina alipoona ripoti alicheka sana.

Je, niongeze indeksi ya kuzuia marudio kwenye kolamu ya nambari peke yake, yenye WHERE tarehe_kutoka IS NULL (yaani kwa zilizo kazini tu), au tupande toleo la 15 nitumie NULLS NOT DISTINCT (inayohesabu NULL mbili kuwa sawa)? Na hizo zilizorudiwa nizifute kwanza?