Besi ya ...And Justice for All iko wapi jamani? Sabufa imekaa kimya kabisa

Mzee wa Sabufa:
Wakuu habari za wikendi. Naombeni msaada wa wenye masikio. Jana nilibaki peke yangu home, wife kaenda msibani na watoto, nikasema leo ngoja nisikilize mambo ya ujana kwa sauti ninayotaka mimi. Nikaweka ...And Justice for All, albamu ya bendi ya metali ya Marekani, Metallica, ile ya 1988, mara ya mwisho kuisikiliza yote mwanzo mwisho hata sikumbuki, labda miaka kumi na tano.

Sasa mimi nina sabufa kubwa pale sebuleni, mtaa mzima wanaijua, nikiweka singeli glasi za kabatini zinacheza zenyewe. Ikaanza Blackened, wimbo wa kwanza, yale magitaa ya mwanzo yanayokuja kinyumenyume, nikaongeza sauti nikajiandaa kabisa, ngoma ikaingia... sabufa kimya. Nikajua waya umechomoka. Nikapiga magoti nikaweka kiganja kwenye spika, inashtuka kidogo tu Lars mpiga ngoma wao akikanyaga kiki, ile ngoma ya mguu, halafu basi. Nikaweka albamu yao Master of Puppets ya 1986, sabufa ikaamka. Nikaweka ile albamu yao nyeusi ya 1991 ndo usiseme, jirani kagonga ukuta. Nikarudi Justice, kimya tena kama hakuna umeme.

Swali langu, hii albamu ina mpiga besi au hana? Maana jina la Jason Newsted limeandikwa. Zamani nilikuwa naisikiliza kwenye redio kaseti yenye spika imepasuka kwahiyo nilikuwa nalaumu redio.

chapati_mbili:
Hahahaa mkuu pole. Sote tuliwahi kupiga magoti nyuma ya spika kwa ajili ya hiyo albamu. Sabufa yako nzima, irudishie singeli yake.

Fundi Mitambo:
Mpiga besi yupo na alipiga nyimbo zote, ila walimshusha kwenye miksi, pale wanapopanga sauti za vyombo vyote, mpaka akapotea. Ngoja nielezee maana hii stori naipenda kuliko hata albamu yenyewe.

Cliff Burton, mpiga besi wao kabla ya Jason, alifariki Sweden tarehe 27 Septemba 1986, basi la bendi lilipinduka usiku, ana miaka 24 tu. Na usiku huo yeye na mpiga gitaa Kirk Hammett walikuwa wamechagua kitanda kwa kuvuta karata, Cliff akavuta ree ya shupaza akachukua kitanda alichokuwa analalia Kirk. Hapo huwa nashindwa kuendelea kusoma. Haikupita hata miezi miwili wakawa wameshamchukua Jason kutoka Flotsam and Jetsam ya Arizona na wako jukwaani tena, yaani hawa watu hawakukaa matanga. Jason akawa ndo mgeni, wanamtania, wanamfanyia vituko, hasira za msiba zote wakazimalizia kwake.

1988 wakaingia studio One on One, Los Angeles, na prodyuza Flemming Rasmussen. Jason aliingiza besi zake akiwa na fundi msaidizi tu, James mwimbaji na mpiga gitaa hayupo, Lars hayupo, hakuna wa kumwambia hapa ongeza hapa punguza. Miksi ikaenda kufanyika Bearsville, jimbo la New York, mafundi wakiwa Steve Thompson na Michael Barbiero. Thompson ameshaeleza mara nyingi kwenye mahojiano kwamba besi aliipanga vizuri tu, Lars akaja akamwambia shusha mpaka ikaribie kutosikika, aliposhusha akaambiwa haya shusha tena. Lawama akala yeye mpaka leo. Rasmussen naye anasema ni kati ya watu wachache waliowahi kuzisikia hizo besi zenyewe, na anazisifia sana.

Na wala sio kwamba Jason hajui. Tafuta ile EP yao (albamu fupi) ya 1987, Garage Days, mpiga besi huyo huyo, besi imejaa tele.

Halafu hiyo hiyo Justice ikaenda kwenye tuzo za Grammy 1989, tuzo ya kwanza kabisa ya hard rock na metali, kila mtu anajua ni ya Metallica, wakapewa Jethro Tull wenye filimbi 😂. Mwaka uliofuata ndo wakapewa kwa ajili ya One, wimbo wa humo humo Justice.

Besi ya Kwaya:
Nimesoma nimecheka maana mimi napiga besi kwaya ya kanisani na nimeshashushwa sana na watu wa mixer, namuelewa Jason kwenye mifupa. Ila ngojeni niongee kidogo kifundi, mnamlaumu Lars peke yake.

Kwenye dansi letu unajua kuna solo, rizimu na besi, na kila gitaa lina njia yake. Rizimu inachanja kuni, besi inatembea kwake chini, ndo maana hata ukisikilizia kwenye simu ya tochi unamsikia mpiga besi. Kwenye Justice Jason anapiga kwa piki na anapiga kile kile anachopiga James, noti kwa noti, anamfuata kama kivuli. Na gitaa la James humo limekatwa sauti za kati, zimebaki za juu zinazokwaruza na za chini kabisa, kwahiyo yeye ameshakaa kwenye kiti cha besi. Hapo hata ukiipandisha besi unachosikia ni gitaa limenenepa. Cliff asingekaa pale, Cliff alikuwa anatoka nje ya riff, kile kipande cha gitaa kinachojirudia, besi yake inaenda kuimba zake huko juu.

Alafu sikilizeni kiki ya Lars, ile "tak tak tak" kavu kama mtu anagonga meza ya mninga kwa kifundo cha kidole. Haina tumbo. Ukishaweka kiki ya hivyo na gitaa la hivyo, besi ya kawaida inaonekana kama inachafua, ndo mtu anasema shusha, shusha. James alishasema masikio yao yalikuwa yamechoka, kipindi cha miksi walikuwa kwenye ziara ya Monsters of Rock, wanatoka jukwaani masikio yanalia wanaenda kusikiliza miksi. Sasa mtu wa hivyo unampaje fader, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, jamani.

Ukitaka kumfuata Jason acha sabufa, tumia hedifoni, sauti ndogo, usiku. Utamhisi tu, kama mtu yuko chumba cha pili.

mtu wa Kizingo:
Nyinyi mwaitaka besi, mimi siitaki. Nawaambia kweli.

Mie hii albamu niliipata Mombasa kwa kaka yangu, alirekodiwa na rafikiye kwenye kaseti ya dakika 60. Na albamu yenyewe ina dakika 65, sasa fanyeni hesabu. Saidi A ilikuwa yakatika pale pale One inapomalizikia, zile risasi za mwisho, tep inakwisha tak. Saidi B ilikuwa yamalizikia na To Live Is to Die, ule wimbo mrefu waliotia riff alizoacha Cliff na maneno yake kidogo ya kusomwa. Kisha kimya. Dyers Eve haikuingia kabisa, mie nimekaa miaka sijui kama kuna wimbo wa tisa! Kwangu albamu ilimalizikia kwenye kumbukumbu ya maiti na kaseti ikajizima yenyewe.

Ndio maana siwaelewi mnaposema kuna kasoro. Mtu wenu wa besi amekufa, mumeregea kazini hamujalia, mutatoa sauti gani? Ni hiyo hiyo, kavu, ndefu, imejaa hasira, nyimbo za dakika tisa, kumi kasoro, za mahakama kununuliwa na watu kufungwa midomo, hata kwenye kava yule mama wa haki amefungwa kamba na mizani yake yamwaga dola. Yule atiwe besi nono ya nini? Ingekuwa kama kuuweka msiba na taarabu.

Fundi Mitambo:
@mtu wa Kizingo umeongea maneno mazito ila ndugu yangu hiyo sio falsafa, hiyo ni kumkomoa mtoto mgeni. Blackened yenyewe jina la Jason limo kwenye watunzi, riff kaja nayo yeye, halafu kwenye wimbo wake mwenyewe hasikiki!

mtu wa Kizingo:
Yawezekana ni yote mawili bwana. Wamemuonea, na kimetoka kitu kizuri. Yatokea.

chapati_mbili:
Wakati mnabishana, si walitoa rimasta 2018? Hawakurekebisha?

Fundi Mitambo:
Walisafisha tu sauti, miksi ni ile ile, James alisema hawawezi kuigusa, ndo ilivyokuwa wakati ule ikae hivyo hivyo. Mashabiki wamejitengenezea za kwao huko YouTube, wengine wamepandisha besi, wengine wamepiga besi upya wenyewe, wanaziita And Justice for Jason. Mzee wa Sabufa jaribu hizo.

Mzee wa Sabufa:
Wakuu nimerudi na majibu. Nimejaribu hiyo ya mashabiki, sabufa imecheza vizuri, glasi zimelia, nikafurahi wimbo wa kwanza. Wa pili. Wa tatu nikaanza kuhisi kama nimeingia nyumba niliyokulia nikakuta wamepanga makochi mapya. Harvester of Sorrow imekuwa nzito kweli lakini ile hali ya kutisha imepungua, sijui nisemeje. Nikaitoa.

Usiku nikafuata ushauri wa Besi ya Kwaya, hedifoni na sauti ndogo. Yupo bwana! Ukishamjua yupo huachi kumtafuta, One nimeirudia mara nne namtafuta yeye tu, wife ananiuliza unasikiliza nini mbona umekunja sura.

Mzee wa Kizingo, na Dyers Eve ulikuja kuipata lini? Na unaionaje?

mtu wa Kizingo:
Niliipata nimeshaoa, kwenye CD. Ni kali, mbio kuliko zote humo, yule James awapa wazazi wake maneno yao. Lakini mpaka leo, hata nikisikilizia kwenye simu, To Live Is to Die ikiisha mkono wangu wenda wenyewe kugeuza kaseti.