Nusu ya darasa langu wanashinda bila kula, naombeni ushauri

Mwalimu Mgeni
Habari zenu wakuu. Mimi ni Mtanzania, nimejitolea kufundisha P2, yaani darasa la pili, katika shule ya msingi ya serikali kijijini, wilaya ya Kamuli, Uganda. Kazi naipenda. Asubuhi watoto wananipokea njiani, wananibebea madaftari, wasichana wanapiga magoti kunisalimu. Lugha ina ugumu wake, maana P1 hadi P3 hufundishwa kwa lugha ya nyumbani, huku ni Kisoga, lakini mwalimu mwenzangu hunisaidia.

Kinachoniumiza ni mchana. Waliolipiwa posho, yaani ugali, na maharage wanakwenda jikoni na sahani zao. Karibu nusu wanabaki chini ya mwembe wakiwatazama wenzao, na vipindi vya mchana wanasinzia juu ya dawati. Nakaa nyumba ya walimu, nikaanza kuwapikia uji wachache. Sasa wanazidi kuongezeka na hela yangu ya kujikimu haifiki mwisho wa mwezi. Kuwafukuza mlangoni siwezi. Nifanyeje?

Msoga wa Jinja
Dada, ubarikiwe kwa moyo huo. UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ilipoanza 1997 karo iliondolewa, wazazi wengi wakaona serikali imebeba kila kitu. Ila Sheria ya Elimu ya 2008 inasema chakula cha mtoto ni jukumu la mzazi. Tatizo ni kwamba shule inadai pesa mwanzoni mwa muhula, wakati mzazi hana kitu mfukoni. Mwezi wa saba huyo huyo ana mahindi uani! Mwombe mwalimu mkuu alifikishe kwenye kamati ya shule: wazazi walete mahindi na maharage wakivuna. Yakaushwe sawasawa kabla ya kuwekwa ghalani, la sivyo yataingia sumukuvu, sumu ya ukungu, na mtakuwa mnawalisha watoto sumu. Hapo msione aibu kumrudishia mzazi gunia lake.

Mama Busia
Usiwapikie kwako. Mtoto mmoja akiumwa tumbo, mgeni ndiye wa kwanza kuulizwa.

Kaka wa Mbale
Naungana na Mama Busia kuhusu mahali, lakini uji usikome. Mtoto hashibi kikao cha kamati. Uhamishie jikoni kwa shule, mwalimu mkuu akijua, kikombe kimoja kwa kila mtoto wa P2, aliyelipiwa na asiyelipiwa, ili asionekane nani ni maskini. Akina mama wapokezane kupika.

Mwalimu Mgeni
Asanteni sana. Mwalimu mkuu amekubali tutumie jiko, na kamati itakaa. Swali moja: wazazi wengi hapa wamekodisha mashamba kwa watu wa miwa. Mahindi watayatoa wapi?

Msoga wa Jinja
Hilo ndilo donda la Busoga nzima, eneo letu hili la Wasoga, dada. Miwa inakaa shambani zaidi ya mwaka, na pesa ya kukodisha huisha mapema. Hao wasidaiwe nafaka. Walete kuni, wachote maji, au walime kiwanja cha shule kama kipo. Mpande maharage kwanza, yanakomaa haraka kuliko mahindi. Na orodha ya wanaosaidia ishikwe na mzazi, si wewe, maana wewe utaondoka.

Mwalimu Mgeni
Kiwanja kipo, nyuma ya darasa la P5, kimejaa nyasi. Nitakwenda nacho kwenye kikao.