Visigino vinainuka nikishuka na chuma, naomba ushauri

Mtoto wa Katindo
Jambo wandugu. Niko Goma, ni mwezi wa nane sasa nanyanyua vyuma kwenye ua wa rafiki. Skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, ndiyo inanishinda. Chuma kitupu kina kilo 20, naongeza 15 kila upande. Nikishuka nusu hakuna shida. Nikitaka nyonga ipite chini ya goti, visigino vinaachana na ardhi, magoti yanaingia ndani na mgongo unajikunja. Kesho yake hata kufunga kamba za viatu ni kazi. Mkubwa mmoja aliniambia goti lisipite vidole vya mguu hata kidogo. Nimejaribu, nainama zaidi. Nifanye nini? Sitaki kuacha.

Yaya wa Himbi
Mdogo wangu, toa kwanza hizo kilo 30. Kiuno kikiuma namna hiyo, mzigo umeshakuzidi. Hilo la goti linasemwa kila mahali na limewaumiza wengi. Watafiti wa Marekani walilipima, wakachapisha mwaka 2003: ukilizuia goti kwa ubao, goti linapumzika kidogo, lakini mzigo mkubwa unahamia kwenye nyonga na kiuno. Ndicho kinachokupata. Mwenye mapaja marefu goti lake litapita tu. Angalia kisigino kibaki chini na goti lifuate upande wa vidole.

Fundi wa Viungo
Kunyoosha watu viungo ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nauliza kuhusu kifundo cha mguu. Vua viatu, utazame ukuta, kidole gumba kiwe sentimita 10 kutoka ukutani. Gusa ukuta kwa goti bila kuinua kisigino. Pima kila mguu peke yake, halafu utuambie. Na kama maumivu yanateremka mguuni au unahisi ganzi, acha chuma, uende kwa daktari.

Mtoto wa Katindo
Ganzi hakuna. Mguu wa kuume umefika 10. Wa kushoto umekwama kwenye 5! Nikakumbuka: niliteguka huo mguu utotoni, tukicheza mpira juu ya mawe ya lava ya 2002. Ulikandwa, uvimbe ukaisha, sikuuwaza tena.

Fundi wa Viungo
Basi tumeupata. Zoezi lilelile la ukuta, mara 15 asubuhi na jioni, mguu wa kushoto uzidishiwe. Kwa sasa weka ubao wa sentimita 2 hivi chini ya visigino vyote viwili. Viatu vya wanyanyua vyuma vina kisigino cha kimo hicho. Na ua ukiwa na changarawe, tandika mbao pana kwanza, mguu usitafute pa kukaa.

Mama Pacha, Birere
Mimi nilijifunza kwa bidoni ya lita 10 iliyojaa maji, nimeikumbatia kifuani. Mzigo ukiwa mbele, mwili wenyewe unasimama wima. Shuka katikati ya miguu, viwiko vipite ndani ya magoti. Halafu pumzi, ambayo hakuna aliyeitaja. Watazame vijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wanapoanza mlima na magunia: kabla ya kusukuma, mtu anavuta pumzi, anakaza tumbo lote mpaka mbavuni. Fanya vile kabla ya kushuka, uishike, uiachie ukishapita pale pazito wakati wa kupanda. Kila mara upya.

Mtoto wa Katindo
Aksanti sana mama, na wote. Leo nimefanya na bidoni, seti 3 za mara 8, ubao chini. Visigino vimetulia na kiuno kiko kimya. Ila mara mbili za mwisho goti la kushoto bado linaingia ndani.

Yaya wa Himbi
Panua miguu kidogo, vidole vitazame nje kiasi, sawasawa pande zote mbili. Likianza kuingia, seti imeisha, hata kama hujafika 8. Weka simu juu ya kiti kwa kimo cha nyonga, ujirekodi kwa ubavu na kwa mbele, utuletee video Jumamosi. Chuma cha kilo 20 tutakirudia baada ya kuiona.