Sensa za 1948 na 1957: jina la babu nitalipata wapi? (Newala–Lindi)

Mkazi wa Mtanda
Wakubwa shikamooni. Nakusanya historia ya ukoo upande wa babu mzaa mama, Mmakonde wa Newala aliyehamia Lindi enzi za mashamba ya mkonge. Waingereza naona wanafungua karatasi za sensa mtandaoni wanasoma jina, umri, kazi, hadi mpangaji aliyelala humo. Za kwetu za 1948 na 1957 ziko wapi? Ofisi ya takwimu au Nyaraka za Taifa?

Ligula Juu
Marahaba. Usianze na sensa kabisa. Kule karatasi za kila nyumba zimetunzwa na hufunguliwa baada ya miaka 100. Ya 1921 ilifunguliwa 2022. Hata wao ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942. Kwetu unachoweza kusoma ni ripoti zilizochapishwa: idadi ya watu kwa wilaya, kabila, jinsia na rika. Majina hamna. Za baada ya uhuru zinalindwa na Sheria ya Takwimu, hupewi taarifa za mtu mmoja mmoja hata kama ni babu yako.

Ripoti hizo zitakuonyesha Wamakonde walikuwa wangapi wilaya ya Lindi, basi. Kabila liliulizwa mara ya mwisho 1967. Angalia na mipaka: Lindi na Mtwara zilikuwa Jimbo la Kusini, na Mkoa wa Lindi ulimegwa kutoka Mtwara 1971.

Mahuta
Majina yamo kwenye vitabu vya ubatizo. Newala walitangulia Waanglikana wa UMCA (misheni ya Vyuo Vikuu kutoka Uingereza). Ndanda na Nyangao ni Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki. Mwombe padre akufungulie kitabu palepale ofisini, usiombe kukiazima. Vya zamani vya Kikatoliki ni Kilatini: *filius* ni mtoto wa kiume, *filia* wa kike, *patrinus* msimamizi. Ukishaona mstari wake usifunge kitabu, soma ukingoni mwa ukurasa. Huko ndiko paroko anakoongezea kipaimara na ndoa, na parokia ilikofungwa. Mtu aliyebatizwa bara akaoa pwani utamkamata hapo hapo. Piga picha ukurasa mzima, namba ya kitabu na ya mstari zionekane.

Wengi wanakwama kwenye jina. Kijana alitoka jandoni na jina jipya, akibatizwa akapata jingine, na jumbe alimwandikia kodi kwa lile alilomjua yeye. Kusanya yote kwa wazee kabla hujaenda popote. Na tahajia: Mjerumani "ch" aliiandika "tsch", Masasi ikawa Massassi.

Mkazi wa Mtanda
Asante sana mkuu. Shida, babu alikuwa Mwislamu.

Mahuta
Basi anza na karatasi ya majina ya marehemu inayosomwa kwenye hitima ya familia. Iombe kwa mwenye kuitunza, inakili kwa mpangilio uleule, uulize kila jina ni nani kwa nani. Halafu faili la mirathi mahakamani, kama lilifunguliwa. Warithi hutajwa wote.

Ligula Juu
Naongeza, maana hapa watu wengi wanapotea: jina la pili la babu ni la baba yake, na kwa Wamakonde ukoo wa jadi unapita kwa mama. Ukifuata jina la baba tu unaingia ukoo mwingine. Uliza litawa lake (yaani ukoo wa upande wa mama), na nani alikuwa mjomba wake. Mjomba ndiye aliyekuwa na sauti. Ukishapata litawa, Nyaraka za Taifa Dar waombe kitabu cha wilaya cha Newala, kile walichokuwa wakiandika mabwana shauri (wakuu wa wilaya wa kikoloni) kuhusu koo, majumbe na mipaka.

Umri usiuamini, ulikuwa wa kukadiria. Uliza kwa matukio: alikuwa wa rika gani vita vya Mahiwa (1917), mradi wa karanga Nachingwea, kimbunga cha Lindi (1952)? Kijiji nacho kitafute kwa jina la kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Jina la sasa mara nyingi halimo kwenye vitabu vya zamani.